Chuma cha Baiskeli cha Anjela

Jumatatu, 1 Julai
Nimekamua ng'ombe. Nimelisha. Baridi ya Kibosho leo haina adabu. Saa nne Anjela kapanda kutoka Moshi na kigari chake. Mtoto wa marehemu dada yangu huyu, kaanza kazi ya kutembeza wageni kwa baiskeli. Wa kwanza wawili wanakuja Jumamosi. Wakiharibikiwa, kampuni inayomletea wageni haimpi wengine. Shirima, fundi wa kuchomelea, kamfungia bomba la pembe nne chini ya bampa. Humo ndimo kinachomekwa chuma cha kubebea baiskeli. Kesho Shirima aje akichomeke. Nikasema Shirima haingii uwanjani kwangu. Mimi enzi za upagazi nilibeba jiko la gesi na mtungi wake mpaka Kibo, huku napiga mluzi. Chuma kitanishinda? Kaniachia gari, kashuka na bodaboda.
Simpendi Shirima. Kwenye matanga ya dada alisema mbele za watu naongea kuliko redio.

Jumanne, 2 Julai
Nimekichomeka. Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza, nimeikalia. Kikawa kinacheza. Nikakaza boliti, nikashindilia vipande vya mpira wa tairi, kikatulia tuli. Shirima kapita barabarani makusudi.
"Mzee, pini umeweka?"
"Niliweka kabla hujazaliwa."
"Hicho ni cha baiskeli mbili tu. Usipakie kitu kingine."
Nani kamuuliza? Nimemchukia upya.

Jumatano, 3 Julai
Kazi ya mwanaume lazima ijaribiwe. Nimeshuka na gari tambarare kufuata majani ya ng'ombe. Mizigo minne juu ya chuma, na mkungu wa ndizi wa kukandamizia. Barabara yetu ni mawe matupu. Kwenye kona ya parokia nikasikia kah! Chuma kimeinama, bomba limepasuka kwenye weldi, pale Shirima alipochomelea. Majani njia nzima. Akina mama wakacheka. Nikawaambia chui kanirukia mbele ya gari. Wakazidi kucheka. Washenzi.

Alhamisi, 4 Julai
Nimekinyoosha kwa nyundo. Ufa nimeupaka rangi nyeusi. Unang'aa. Anjela kapiga simu, nikamwambia tayari. Nikaongeza kwamba weldi ya Shirima siiamini. Hilo lilitoka lenyewe.

Ijumaa, 5 Julai
Siku mbaya. Anjela kaja kuchukua gari, Shirima nyuma yake kavimba. Kumbe kwa neno langu Anjela kamtukana kwenye karakana yake, wateja wanasikiliza. Shirima kalala chini ya bampa. Kakwangua rangi kwa ukucha. Kachomoa nyasi ndani ya ufa, kaziweka kiganjani mwa Anjela.
"Dada, baiskeli zako zinakula majani?"
Nikaanza habari ya chui.
"Mjomba, nyamaza."
Mbele ya Shirima! Nimewafukuza wote wawili. Namchukia Shirima. Namchukia yule binti na chuma chake. Wamekwenda na gari.
Kile chuma kingeng'oka kesho na baiskeli za watu. Kazi ya Anjela ingeishia pale pale. Nilijua. Nilishika brashi ya rangi nikijua.

Jumamosi, 6 Julai
Sijatoka nje ya geti. Muuza maziwa ndiye kanipa habari: Shirima kachomelea upya jana ile ile, wageni wamefika Kilema na baiskeli zao nzima. Simu yangu haijalia.

Jumapili, 7 Julai
Nimetoka misa ya kwanza. Nimekata majani mawili ya isale, nimeyapiga fundo. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na Mchagga halikatai. Ila mjomba kumpelekea mpwa wake, hiyo sijapata kuona. Nimeshuka nayo Moshi, nimeyafunika kwa koti.
Mlangoni kwake Shirima kachukua lake, kanitazama, kaingia ndani.
Anjela kalipokea kwa mikono miwili. Kaniambia nikae, chai ipo. Naye kakaa. Nimekunywa vikombe viwili. Sikusimulia kitu.