Matanga Tuliyosahau Kuchora

Lubunga, Kisangani
Tarehe 12 Februari 2025

Mpendwa mjomba, Tonton Évariste,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii ya mto. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Liège? Na mkeo, tantine Delphine, presha yake imeshuka? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama anakohoa kidogo tu.

Zile kompyuta sita ulizotutumia zinafanya kazi. Wanafunzi wangu hawajui kuandika programu hata mstari mmoja, wala mimi. Wanachora visanduku kwenye kioo: wazima, wagonjwa, waliopona. Wanaviunganisha kwa mishale, wanaweka namba, kompyuta inapiga hesabu. Hesabu waliyoikimbia ubaoni sasa wanaigombania!

Kipindupindu kilipoingia mtaani mwetu, wakaamua kukichora. Rosine, binti wa Papa Hubert mvuvi, ndiye aliyeongoza. Waliweka mto, visima, mitumbwi, soko. Kompyuta ikaonyesha ugonjwa utakwisha baada ya wiki tatu. Nami kwa kiburi changu nikawaambia wazazi mkutanoni wasiwe na wasiwasi.

Tonton, hakuna aliyekumbuka kuweka matanga. Watu arobaini uani siku tatu, pipa moja la maji, kikombe kimoja, mikono iliyoosha maiti ndiyo inayogawa fufu na mboga ya pondu. Kwetu kulilia mtu ni wajibu, nani angeuhesabu pamoja na visima? Wiki ile kipindupindu kilimuua bibi yake Rosine. Matanga yakawekwa bila hofu, kwa sababu yangu. Rosine aligawa chakula. Jumatano akaanza kuhara, Alhamisi akafa.

Wenzake walifungua ule mchoro huku wakilia, wakaongeza kisanduku cha matanga. Kwenye kioo idadi ya wagonjwa ikapanda mara tano. Ilibidi niende mwenyewe kumwomba Papa Hubert asiweke matanga ya mtoto wake.

Akaniuliza:

"Mwalimu, ile mashini yako ilisema ugonjwa inaisha. Sasa inasema tusililie mutoto?"

Alikubali hivyo hivyo. Tulikuwa watu sita makaburini, kisha kila mtu kwake. Najua tulifanya vema, lakini naona aibu hata kukuandikia.

Tangu siku ile hakuna mgonjwa mpya mtaani. Na mama yake Rosine hajapata pa kumlilia mwanawe.

Nisalimie tantine na binamu zangu Jeancy na Lydie. Mungu awafunike kwa mkono wake, na mtuombee.

Mimi binti wa dada yako, ninayekupenda sana,
Aurélie