Mashine ya Petroli Kwenye Tembe la Babu

Mdogo wangu Shabani,

Asalaam aleikum. Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kumsalimia hata mtu tuliyemkasirikia. Salamu yako hiyo hapo, ipokee. Ningekuuliza habari za nyumbani, ila nimeshazipata, tena si kwako. Mimi huku Finland mwili ni mzima. Theluji imeanza, vidole vinauma hata ndani ya glavu, kazi inaendelea.

Usishangae kuona karatasi zama hizi za simu. Kwenye simu nikianza kukusema unasema mtandao unasumbua, unakata. Haya, kata na hii tuone. Nimempa dada mmoja wa Iramba ninayefanya naye kazi, anakuja likizo, na nimemwambia akukabidhi mkononi kisha asubiri umalize kusoma. Kwa hiyo usijifanye unakwenda kuangalia ng'ombe. Kaa chini.

Juzi ulinitumia ujumbe: "Dada, kamba ya kuwashia mashine ya kupasulia kuni imekatika, Singida nzima haipatikani, nitafutie huko." Ukaweka na vikatuni vya kucheka. Nikakuuliza mama anaendeleaje, ukajibu, "Yupo fresh." Fresh! Shabani, una roho gani wewe?

Siku hiyohiyo wifi yangu Mwajuma alinipigia akilia. Akanieleza yote, tangu siku ya msiba wa jirani mpaka leo, yale mliyokaa kikao mkakubaliana nisiambiwe "asije akahangaika ugenini". Na kabla sijaendelea: nikisikia umemgombeza mkeo kwa kunipigia, hata kumnunia tu, utanitambua. Yeye ndiye mtu pekee hapo nyumbani aliyekumbuka kuwa nami nina mama.

Sasa tuanze mwanzo, maana najua utajitetea. Mashine ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mama. Bega lake lilishachoka na shoka, na banda lake la chakula pale mnadani linakula kuni kama nini sijui. Nikajinyima nikakutumia hela ya mashine ya umeme. Sikukwambia "nunua mashine yoyote". Nilikwambia ya umeme, na nikakwambia kwa nini. Nguzo iko pale uani kwetu. Kuni za mama ni matawi ya mgunga na mkaratusi yaliyokwisha kukatwa vipande vifupi, si magogo ya kushindana nayo. Ya umeme unabonyeza, kabari inasukuma, gogo linafunguka, mama anaendelea na maneno yake. Hakuna kuvuta kamba, hakuna kununua mafuta, hakuna kelele.

Wewe ukaniambia nini? Ukaniambia ya umeme ni blenda ya kina mama. Ukaniambia, "Dada, mashine gani isiyosikika hata kwa jirani?" Yaani shida yako ilikuwa jirani asikie! Kisha ukaleta hoja kwamba umeme wa hapo kijijini Mgori unakatika. Ni kweli unakatika. Ukikatika si mnapumzika? Mama hajawahi kupumzika tangu tuzaliwe, angepumzishwa hata na umeme basi.

Sikatai kwamba ya petroli ina nguvu. Mimi kazi yangu huku ni hiyohiyo ya kuni. Najua hapo kijijini unawaambia watu niko ofisini, waache waamini, lakini mimi nimepanda ndege kuja kupasua kuni za wazungu. Tunazo zote mbili. Ya petroli inakwenda porini kusikokuwa na umeme, inapasua gogo lenye vifundo ambalo ya umeme inalihangaikia tu bila kulipasua. Ya umeme inakaa bandani. Na siku yangu ya kwanza, kabla sijashika hata kijiti, msimamizi alinipeleka mbele ya ile ya petroli akaniambia: hii haiingii ndani ya kuta. Hata inyeshe mvua ya mawe, haiingii ndani ya kuta. Nami uliponiambia umeshanunua ya petroli, nilikurekodia maneno hayohayo kwa sauti yangu, nikakutumia na video. Ukanijibu kwa dole gumba.

Sasa niambie lile dole gumba lilikuwa la nini.

Ukafika msiba wa Mzee Ntandu, jirani yetu. Kuni za msiba ni za majirani, hilo najua, na najua ulivyosimama mbele za watu ukasema kuni zote za matanga mwachieni Shabani. Kujionyesha huko! Mvua ikaanza. Mtu mwenye akili angesema tusubiri ikatike. Wewe ukaamuru mashine iburutwe ndani ya tembe la babu, eti kuni kavu ziko humo humo, eti kazi isisimame. Tembe la babu, Shabani! Lile la kuta na paa la udongo, ambalo ukiingia mchana unapapasa ukuta, lenye kidirisha kisichopita hata kichwa cha mbuzi. Na mlango mkaurudishia kwa sababu ya manyunyu.

Mwajuma anasema alikwambia, "Baba Salma, hapa ndani hewa nzito." Ukamjibu nini? "Sisi tumezaliwa kwenye tembe hili, bibi amepika humu maisha yake yote, moshi haujawahi kumuua mtu."

Hapo ndipo nilipotaka kuivunja simu. Kwa sababu ni kweli, sote tumezaliwa kwenye moshi. Lakini moshi wa kuni una adabu, mdogo wangu. Unakuwasha macho, unakukohoza, unakutoa nje mwenyewe na kamasi zako. Hewa ya injini ya petroli haikutoi nje. Huioni, haikuwashi, inakulaza. Mlikuwa mnangoja mkohoe ndio mjue kuna hatari, na kwa kuwa hamkukohoa mkaendelea kupasua.

Mama alikuwa amekaa pale pembeni akipanga vipande. Alisema kichwa kinamgonga. Mkamwambia ni njaa ya msiba. Akasema miguu haina nguvu. Mkamwambia apumzike palepale, aegemee ukuta. Palepale! Mpaka Mwajuma alipoingia na chai akamkuta ameinama juu ya zile kuni, hasikii akiitwa. Na hata wewe mwenyewe ulipotoka nje ulitapika, usinifiche, ukasema ni kiporo.

Hayo yote ningeyaita ujinga, na ujinga unasameheka. Lililofuata ndilo linalonikereketa mpaka sasa. Mlimkuta kuku aliyekuwa anaatamia kwenye kona amekufa juu ya mayai yake. Mtu mwingine angejiuliza: kuku amekufa, mama amezimia, mimi natapika, wote tulikuwa chumba kimoja na injini inayonguruma. Nyinyi mkasema, "Kumbe! Mama katupiwa kitu hapa msibani." Kuku akawa ushahidi! Na badala ya kumpakia mama kwenye pikipiki kwenda zahanati, mkampeleka kwa mganga, akafukizwa. Mtu aliyekosa hewa, mkamfunika blanketi mkamfukiza! Mkamrudisha ameshinda huko, ndipo mkakumbuka zahanati. Wakati huohuo mjane wa Ntandu, mama wa watu aliyetoka kumzika mumewe, anaangaliwa kwa jicho baya na kijiji kizima kama mchawi, kwa sababu ya ekzosi ya mashine yako.

Leo hii unaniomba kamba. Ili uiwashe tena.

Basi nisikilize vizuri. Mashine hiyo iuzwe. Usiniambie habari za wateja wako wa Singida mjini, usiniambie umeshaahidi kuni kwa wenye tanuri za mikate. Itafutie mtu anayekaa na kazi porini, mwambie wazi ilichofanya, mwambie isiingie ndani ya kuta, auziwe. Kitakachopatikana kimpeleke mama hospitali kubwa Dodoma, akaangaliwe kichwa na watu wanaojua, na Mwajuma ndiye aende naye, si wewe. Nauli na chakula chao nitatuma kwa simu ya Mwajuma. Ya umeme nitainunua mimi, itafungwa kwenye kile kibanda cha wazi mbele ya jiko, na siku ukinisikia nauliza maoni yako uniite mwehu.

Na nenda kwa mjane wa Ntandu. Nenda mchana, watu wakikuona, ukamwambie ilikuwa injini. Ulitaka jirani asikie, sasa asikie.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa wa Ikungi, mwambie viazi alivyonikaushia nimevila mpaka unga wake. Baba mdogo Iddi mpe shikamoo yangu, umwambie pia kwamba nimesikia alikuwa wa kwanza kutamka neno uchawi, na sijapenda, kwa heshima zote. Salma binti yako mwambie shangazi yake anamwona kwenye picha amerefuka. Wifi yangu Mwajuma msalimie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kisha mwambie asante.

Mama sijui nikwambie umsalimie vipi.

Mwajuma alimpa simu siku ile. Sauti ni ileile, nikafurahi, nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia vizuri tu, marahaba, kisha akaniuliza, "Watu wa kwenu hawajambo?" Nikadhani ananitania. Nikasema, "Mama, ni mimi, niko Finland." Akachangamka. Akasema, "Aa, kumbe uko huko huko! Basi nina mwanangu wa kike yuko huko, anaitwa Amina. Ukimwona mwambie avae sweta, yule mtoto kifua chake kibovu tangu mdogo. Na mwambie apige simu, hajanipigia siku nyingi."

Nikamwambia nitamwambia.

Kamba situmi.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Amina