Mama Furaha, Injini Hukuichoma Wewe

Mama Furaha,

Hukuichoma. Naanza na neno hilo kwa sababu wewe barua ulikuwa ukizisoma kuanzia mwisho, ujue kwanza kama kuna msiba, ndipo urudi juu kwenye salamu. Safari hii neno lenyewe nimeliweka juu. Ile injini hukuichoma wewe.

Mtoto wetu Prosper alinipigia simu kutoka Kampala. Unajua kazi yake kule ni vipuri vya magari. Akasema kiwanda kimetangaza kwamba gari ndogo za aina ya yako, za miaka ile, zirudishwe zitengenezwe bure. Joint ya culasse, ule ubapa mwembamba unaokaa kati ya injini na kichwa chake ili maji na mafuta visikutane, ilitoka kiwandani ikiwa mbovu. Inaliwa pembeni, kidogo kidogo. Maji yanapenya ndani ya injini na kuungua humo humo, hata tone halidondoki chini, na mshale wa joto hausemi kitu mpaka mambo yameharibika. Nilitoka na miwani yangu nikamsomea namba ya chasi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Papa, ni yenyewe."

Nilikaa ndani ya gari, mlango wazi. Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo mpaka leo sijapata pa kuiweka.

Naikumbuka siku ya barabara ya Sake, tumekaribia Mugunga, moshi mweupe nyuma, magunia yako ya maharagwe ndani, nawe umesimama kando ukiitazama gari kama mtu anayemtazama mtoto aliyeanguka ghafla. Tulivutwa hadi gereji. Fundi Kasereka alifungua kifuniko cha mafuta, akakuta mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kwenye rejeta maji hamna. Hakuuliza lolote. Alisema mama ameendesha bila maji. Na mdogo wangu Dezire akaongeza, mbele ya watu wote:

"Gari iko muzima. Mikono njo mugonjwa."

Wakacheka. Ulisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba uliweka maji asubuhi. Nami nikasema nilikuona, nikajibiwa kwamba muzee abaki na vitabu vyake. Kila asubuhi nilikuona. Kabla injini haijapata moto ulimimina maji kutoka bidoni, lile dumu letu la njano, maji yale yale tuliyoyapangia foleni, na majirani wa mtaa wetu wa Mabanga wakakutania kwamba gari ya Mama Furaha inakunywa kuliko ng'ombe wa Masisi. Ukanigeukia ukauliza, "Sasa hii maji inaendaka wapi?" Lilikuwa swali zuri kabisa. Wahandisi wamekuja kulijibu wewe ukiwa umeshazikwa.

Baada ya hapo ukaacha kuendesha. Ufunguo ulimpa Dezire, wewe ukarudi kupanda pikipiki na mizigo yako. Kwake gari ilichemka tena, na ilipotengenezwa ikachemka tena. Unafikiri alisema mikono yake ni migonjwa? Alisema ni ubovu uliouacha wewe. Nawe ukakubali. Hilo ndilo linaloniuma. Hata hospitalini, hata kukaa huwezi, ulimwambia Furaha asijisumbue kujifunza kuendesha, kwamba mikono ya wanawake wa nyumba hii haina bahati na vyuma. Ulienda na neno hilo, ukamwachia mtoto.

Basi nikaitafuta haki yako. Nilivuka mpaka nikaenda hadi Kigali, kwa wakala wa gari hizo. Dada wa pale mbele alinipokea vizuri, akaangalia mashine yake, akakiri kwamba namba ni yenyewe na ubovu unajulikana. Kisha akanieleza kwa upole kwamba gari iliuzwa mara ya kwanza Japani, kwa hiyo kazi hiyo ni ya wakala wa Japani. Tena culasse, kile kichwa cha injini, imeshafunguliwa na kukwanguliwa na fundi asiyetambuliwa, kwa hiyo hata huko wangeweza kukataa. Nikamuuliza barabara ya kwenda Japani inapitia Sake au Rutshuru. Hakucheka. Alinipa maji ya kunywa.

Njiani kurudi niliwaza jambo ambalo ningekuambia wewe tu. Kiwanda cha mbali kimewaita watu ambao hakiwajui, kikawaambia, kosa si lenu, ni letu. Sisi tumehama mara ngapi, Mama Furaha? Tumeacha nyumba, mashamba, kaburi la mama yangu. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kusimama mbele yetu akatuambia hivyo.

Ndiyo maana Jumamosi, tulipoondoa kilio chako na kufunga matanga, sikuweza kunyamaza. Misa ilikwisha, watu wakala, ukafika ule wakati ambapo mkubwa wa familia huuliza nani alibaki na jambo na marehemu, aliseme leo au lizikwe. Jirani mmoja alikiri kwamba sufuria yako kubwa iko kwake. Watu wakacheka vizuri. Kisha nikasimama mimi. Nikasema marehemu anadai neno moja, na wanaodaiwa wamo humu ndani. Nikaeleza habari ya kiwanda, polepole, kama nilivyokuwa nikieleza darasani.

Dezire akasema, "Muzee, mutu alishakufa. Tuache mambo ya gari."

Nikamjibu kwamba yangekuwa mambo ya gari ningeyaacha.

Nilidhani nimeharibu siku yako. Ndipo Kasereka akainuka, kofia mkononi, akitazama chini.

"Miye nilifungua, nikakuta maji haiko. Nikasema mama alisahau. Sikutafuta mbali. Mama hakusahau. Ile joint njo ilikuwa inakunywa."

Alitaka kukaa. Dada yako anayekaa Murara akamzuia kutoka kule nyuma: "Useme na nguvu, fundi. Siku ya kumucheka mulisikika mpaka ku barabara."

Akasema tena, kwa nguvu.

Dezire alitazama simu yake mpaka watu wakatawanyika. Jumapili alileta ufunguo, akamwachia Furaha, si mimi. Sijui niite nini kitendo hicho. Msamaha hakuomba, na mimi sijampigia simu.

Gari yenyewe bado haiwaki, usije ukadhani mambo yamenyooka. Prosper alituma joint ya aina mpya, haikulingana na injini. Ya pili imekwama mpakani, kila siku naambiwa kesho. Kasereka anasubiri, amesema hiyo ataifunga yeye mwenyewe.

Lakini jana jioni nilimkuta Furaha amekaa mbele ya usukani wa gari isiyowaka, anabadilisha gia, anatazama kioo, midomo inacheza. Alipoona nimemwona hakutoka. Aliniuliza tu jinsi ulivyokuwa ukipita malori, maana usukani uko kulia na huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, dereva haoni kinachokuja mpaka ametoa pua yote. Nikamwambia ukweli: hukuwa ukiona. Ulikuwa ukiniuliza mimi niliyekaa kushoto, nami ninasema bado, bado, haya pita, na wewe unapita bila kugeuza macho kuhakikisha. Mimi ambaye kuendesha sijawahi kujua. Sikupata tena mtu wa kuniamini namna hiyo.

Lala, mke wangu. Nakuahidi hili: siku gari itakapowaka, dereva ni Furaha, na kwenye kiti cha kushoto nitakaa mimi, macho yangu yakiwa barabarani.

Papa Furaha