Waya wa Fedha kwa Upande wa Kushoto

Jumanne, Arua. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Nami niko hivyo hivyo, nimejaa na sitoki.

Waya mpya wa hedifoni umefika leo. Wiki tatu nimewasoma wapenda sauti wa mtandaoni wakibishana: shaba huipa sauti joto, shaba iliyopakwa fedha huifungua sauti ya juu, na ule uliokuja na hedifoni ni wa kutupa. Nilisoma kama mgonjwa anayetafuta dawa. Hedifoni zangu ni za bei kali, na ndizo jembe langu. Kwa hizo nachanganya sauti za kwaya na za vikundi vya adungu, vile vinubi vyetu. Nikachagua wa fedha, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umefifia.

Lakini niseme ukweli, maana hapa sina wa kumficha. Sikuununua kwa ajili ya muziki. Niliununua ili nimshinde Mwalimu Kiden.

Mwalimu Kiden anaongoza kwaya moja ya Lobule, kule Koboko. Nilipompelekea nyimbo za kwaya yake alinipigia simu, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hii upande ya kushoto inachoma masikio." Nikamjibu ovyo. Nilimwambia spika zake ndizo mbovu, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi asinifundishe kazi yangu. Akanishukuru tu, akakata simu. Nilipovaa hedifoni, kushoto hakukuchoma hata kidogo. Kulikuwa bado kumefifia, ingawa nilishakupandisha. Basi nikaamua kwamba waya ndio unaokula sauti.

Leo nimeenda kwa Rajabu, fundi wa redio, anifungie huo mpya. Nikasikiliza. Kushoto bado kumefifia. Rajabu akaupima waya kwa mita yake, mwanzo hadi mwisho.

"Waya iko sawa, mzee. Geuza hedifoni. Ile ya kulia weka kushoto."

Nikageuza.

Kasoro ingekuwa ya waya au ya hedifoni, ingehamia sikio la kulia. Haikuhama.

Rajabu akajitia kutafuta bisibisi. Namshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo ni sikio langu. Miaka yote kabla umeme haujatulia nilifanya kazi kwa jenereta, na niliiweka nje ya dirisha la kushoto, karibu kabisa na kiti changu, ili mafuta yasiibwe. Nilijiona mjanja. Mafuta hayakuibwa kamwe.

Tangu nirudi nyumbani nazipitia kazi zangu moja moja. Harusi za Vurra, kwaya za Abuku, vikundi vya adungu vya hapa mjini. Zote hizo za miaka ya karibuni nilizipandisha kushoto mpaka nikazisikia mimi. Watu walizipokea, wakasema nzuri sana, Mungu akubariki. Sisi huku hatumwambii mtu usoni kwamba kazi yake ni mbaya, hasa ikiwa ni ya kanisa.

Wangapi walijua wakaninyamazia?

Mmoja tu alikuwa na moyo wa kuniambia, nami nikamdharau. Aibu imenijaa. Daktari sijamwona, naogopa atakachosema. Kazi nyingine siijui. Nimejaribu kuziba sikio la kulia kwa kidole nisikilize wimbo wa Lobule kwa la kushoto peke yake. Besi ipo. Wasichana wanaoimba juu hawapo kabisa, na nilikuwepo walipoimba, nawajua kwa majina.

Kesho naenda Lobule kumwomba Mwalimu Kiden radhi ana kwa ana, na kumrudishia nyimbo zake atafute mtu mwingine. Sauti ya Mwalimu ni ndogo. Tangu adhuhuri nimekaa hapa najiuliza niketi upande wake upi, ili anisamehe mara moja tu, nisimwombe arudie.