Hodi ya Mukungu Kabla ya Kubomoa Msonge

Mama,

Shikamoo. Hukujua kusoma, na kila nikishika kalamu ulinicheka, "Unaparura kama kuku." Basi leo naparura, kisha nitakuja kukusomea huko mgombani ulikolala. Usicheke kwa sauti, majirani watakimbia.

Msonge wako haupo tena. Mchwa waliila nguzo ya katikati, mvua zilipoanza nyumba ikaegemea upande wa mibuni, nikawa nalala nasikiliza miti inavyolia. Ilibidi nibomoe nijenge nyingine palepale. Lakini desturi ya hapa Ihanda unaijua: habomoi mtu nyumba kabla hajampasha habari Mukungu, mkubwa wa kijiji. Ukibomoa kimya kimya watasema umehama, na kibanja kilichohamwa hupewa mwingine, kiwanja pamoja na migomba yake. Na wewe umelala ndani ya kibanja hicho, Mama. Ningekuachaje na wageni?

Wa kukitaka hakuwa mbali. Jirani yetu Rwekaza, yule uliyempa moto kila asubuhi mkewe alipougua, alianza kupitapita akikagua migomba yako kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Akaniambia, "Wewe binti uliolewa Bugene, utarudi kwa mumeo." Mume gani? Anajua fika niliachika! Ungekuwepo ungemjibu mpaka asahau njia ya kwake.

Nikaenda kwa Mukungu. Njia nzima roho iliniuma, nikaona kama nakwenda kukushtaki. Alinisikiliza vizuri, akasema atakuja kuiona, na akanikumbusha utaratibu: atasimama nje apige hodi. Akiitikiwa kutoka ndani, nyumba ina mwenyewe na anabomoa ili ajenge. Asipoitikiwa, hayo ni mahame.

Moyoni nikacheka. Kuitika hodi nako ni kazi?

Akaja na wazee wawili, Rwekaza nyuma yao amevaa kanzu safi, sijui alialikwa na nani. Mimi nilikuwa ndani. Moto nimewasha, nyasi mbichi nimetandika chini kama ulivyopenda. Mukungu akapiga hodi.

Mama, sauti haikutoka. Ndipo nikatambua kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuitika hodi ya nyumba ile. Uliniwahi siku zote, hata ukiwa uani unamenya ndizi, hata ulipokuwa kitandani huwezi kuinuka. Akapiga tena. Nikageukia pale pembeni pa moto ulipokuwa ukikaa, nikangoja uitike. Wallahi nilingoja. Nje nikamsikia Rwekaza, "Si niliwaambia? Hamna mtu humo."

Hodi ya tatu nikafungua mdomo, yakatoka maneno yako, tena kwa ukali wako uleule: "Ingia, moto upo!"

Mukungu akainama, akaingia, akakaa kwenye nyasi. Akapaangalia pale ulipokuwa ukikaa. Alikuwa akikujua. Halafu akawaambia wazee, "Mwenye nyumba yupo. Abomoe." Rwekaza aliondoka bila kuaga, na kanzu yake ikakamatwa na mti wa ua. Hapo najua ungecheka sana.

Walipovuta nyasi za paa sikulia. Nilijitia ushujaa, nikawapikia wafanyakazi, nikawatania. Lakini walipofika sakafuni wakakuta ile sehemu yako ya kukaa, udongo umebonyea na kulainika kwa miaka yote ile, nikawaambia waondoke kidogo. Nikakaa hapo peke yangu. Palikuwa papana kwangu, Mama. Wewe ulikuwa na mwili.

Sasa nakuaga, kahawa inaningoja. Kabla nguzo haijashushwa niliuhamisha moto wako kwa kigae, unawaka kwenye kibanda ninacholala mpaka nyumba mpya iezekwe. Nakuahidi hautazimika nikiwa hai, na kila atakayepiga hodi ataitikiwa kama ulivyoitika.

Ila wewe ukija, usipige hodi. Ingia tu. Ni kwako.

Mwanao,
Koku