Jumapili Bila Moshi

Jumanne, 5 Agosti

Chai bila sukari. Nimeinywa yote bila kukunja uso. Mke wangu, Maman Aline, alikuwa ananichungulia aone kama nitakunja.

Kazini kwa miguu tena. Pikipiki za kukodi nimeachana nazo. Wenzangu wa gereji wanasema eti nimeanza mazoezi uzeeni. Waseme. Mkanda umerudi tundu moja nyuma.

Jioni Maman Aline akaanza. Unga umepanda. Mafuta yamepanda. Mtungi wa gesi umekwisha, sasa ni kiti cha watoto. Mpaka wa Kamanyola, anakouzia nyanya zake, leo uko wazi, kesho unafungwa mapema. Yote hayo nayajua. Kisha akalisema lile alilokuwa analizungukia: tufunge meza ya Jumapili.

Nikasema hapana. Nikatoka nje.

Jumatano, 6 Agosti

Sikulala vizuri. Nina hasira bado.

Meza ya Jumapili si yangu, ni ya Papa. Kule Bukavu, tulipozaliwa ukimbizini, tulikuwa na chumba kimoja na pazia. Lakini kila Jumapili alfajiri Papa aliwasha kuni uani na kuinjika sufuria kubwa. Hakualika mtu kwa mdomo hata siku moja. Watu wakitoka kanisani waliona moshi wetu, wakajua kuna chakula, wakaja. Aliyenacho na asiyenacho walikaa benchi moja na hakuna aliyeulizwa kitu.

Tuliporudi Rwanda sufuria niliibeba mimi, kichwani. Papa alipofariki kaka zangu walichukua redio na baiskeli. Mimi nikachukua sufuria. Walinicheka. Hapa Muganza kanisa liko juu, nyumba yetu iko chini, na moshi wetu unaonekana vizuri kutoka mlangoni mwa kanisa. Ninajivunia moshi ule. Majivuno ninayo, sikatai.

Asubuhi Maman Aline akaniwekea ufunguo wa stoo mezani.

"Chukua jikoni weye mwenyewe," akasema. "Ukipata njia, minanyamaza. Ukikosa, mwezi ikiisha tunafunga."

Nimechukua ufunguo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mimi ndiye waziri wa chakula sasa. Watoto wananiogopa kwenye mlango wa stoo.

Nyama ya Jumapili imeondoka. Badala yake sambaza wachache, vidagaa vya ziwani, kwa ajili ya ladha. Mchele wa dukani umeondoka, tutakula bugali ya muhogo. Bia yangu ya Ijumaa nayo imeondoka. Hiyo imeniuma. Nimepita mbele ya baa nikijifanya natazama malori ya saruji.

Jumapili, 10 Agosti

Meza imefanyika. Maharage, bugali, mboga ya lengalenga kutoka bustani. Mzee Gaspard, shemasi wetu wa zamani, alikaa ncha ya benchi kama kawaida yake na akaongeza sahani. Maman Furaha, jirani yetu mjane, alikuja na watoto wake. Hakuna aliyeuliza nyama iko wapi. Nilifurahi sana.

Halafu nikatazama pembe ya kuni. Karibu tupu. Maharage ya watu wengi yanakula kuni kutoka alfajiri mpaka mwisho wa ibada. Naweza kunywa chai chungu mwaka mzima na nisiokoe pesa za kuni za Jumapili moja.

Maman Aline aliiona pembe ile pia. Afadhali angesema neno.

Jumatano, 13 Agosti

Lori liliharibika breki huko Gitambi, wakanituma. Nikatengeneza. Wakati nangoja dereva amalize kula, nikaona jamaa anafukua shimo lake la ndizi za pombe. Kila mtu hapa anajua kazi hiyo: unalipasha shimo joto, unapanga mikungu, unafunika na majani ya mgomba na udongo, unaondoka. Ndizi zinaiva zenyewe. Nimeliona jambo hilo maisha yangu yote.

Leo niliingiza mkono ndani ya shimo. Joto. Moto ulizimwa siku nyingi zilizopita na bado joto.

Nimerudi nyumbani nikitembea haraka kama kijana.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilichukua tenga la nyanya la Maman Aline. Alililalamikia tenga lake, nikamwambia nitamnunulia lingine, akauliza kwa kitu gani. Nikalijaza majani makavu ya mgomba, nikashindilia, nikaacha nafasi ya sufuria katikati. Maharage nikayachemsha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kwa makaa machache tu mpaka yatokote sawasawa. Nikafunika, nikaizika sufuria kwenye tenga, juu nikaweka blanketi letu la harusi. Nikaenda kazini.

Jioni maharage yalikuwa changarawe. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Maman Aline aliyatafuna polepole akinitazama, moja moja, kwa sauti.

Sikuyaloweka. Makosa yangu. Sikumwambia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeloweka usiku. Nimechemsha asubuhi. Nimezika.

Yameiva. Naandika tena nipate kuamini: yameiva. Laini, na bado yanaunguza ulimi. Maman Aline amekula na akarudia. Hakusifu. Lakini amerudia.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui niandike nini.

Niliamka mapema. Nikachemsha barazani, kwenye mbabula, kwa makaa yale machache. Nikazika sufuria ya Papa kwenye tenga. Uani hakuna hata kijiti kilichowaka. Kuni zile chache zote zimebaki kwenye pembe, nzima. Kanisani niliimba kwa nguvu mpaka kiongozi wa kwaya akageuka. Nilitaka ibada iishe, niwaone watu wakitoa macho.

Tukateremka upesi, nikapanga sahani. Tukangoja.

Hakuja mtu.

Si Mzee Gaspard. Si Maman Furaha, ambaye ua wake umegusana na wetu. Benchi tupu. Watoto wakauliza kama waanze kula. Nikawaambia wangoje. Mwishowe wakala.

Nimeelewa. Nyama imeondoka, na wao wameondoka. Miaka yote wale walikuwa wanaifuata nyama. Nina uchungu mpaka kifuani. Maman Aline ameosha sahani safi, zile ambazo hakuna aliyezitumia, na hakunitazama.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekutana na Mzee Gaspard njiani. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno yangu, makali. Lakini alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushika muda mrefu, akasema Mungu hawatupi watu wake. Akaenda.

Kama niko msibani! Anakula kwangu, anakosa kuja, halafu ananipa pole. Nimekasirika hadi jioni. Nimefunga nati kwa nguvu mpaka nikaikata.

Jumatano, 20 Agosti

Maman Furaha alikuja giza linapoingia, kwa mlango wa nyuma. Beseni kichwani, kitenge juu yake. Akalitua jikoni haraka haraka. Viazi vitamu.

Maman Furaha. Mjane ambaye watoto wake wanavaa viatu kwa zamu. Analeta chakula kwangu!

Nikamuuliza hiki ni nini. Hakutaka kujibu. Maman Aline akamkalisha kwenye mtungi wa gesi, akampa maji, akamwuliza yeye polepole. Ndipo akasema:

"Papa Aline, usikasirike. Siku ya Yenga, Jumapili ile, tulitoka ku kanisa, tukaangalia chini, moshi hakuna. Mzee Gaspard akasema, kwa Papa Aline hapakupikwa leo. Akasema, muntu asiende kule, tusimupatishe haya mbele ya batoto yake. Tukapita ku njia ya juu, sisi bote."

Sisi wote. Wale wazee, pamoja na magoti yao, walizunguka mlima mzima ili wasipite mbele ya mlango wangu.

Nilicheka. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nilitoka nje nikasimama uani, mahali pa moto. Nilikuwa nimewadharau tangu Jumapili, na wao walikuwa wanaitunza heshima yangu. Nimejiona mjinga. Niliwezaje kuusahau moshi? Mimi, mtoto wa Papa yule!

Viazi tumevila. Ingekuwa vibaya kuvirudisha.

Jumamosi, 23 Agosti

Maneno yamezagaa. Fundi mwenzangu kanigawia nusu ya mkate wake. Kiongozi wa kwaya kaniuliza kama gereji inalipa. Nitakufa kwa aibu kabla sijafa kwa njaa, na njaa yenyewe sina.

Nikaamua: kesho alfajiri nitawasha moto uani. Majani mabichi juu yake, moshi mzito, mpaka waone huko juu. Tayari nimeyakata.

Maman Aline kayaona majani.

"Kwa hiyo utachoma kuni," akasema, "ili batu bajue uliacha kuchoma kuni?"

Amepita akilini mwangu bila kuvua viatu. Nimekaa juu ya mtungi wa gesi, nimefikiri. Kuwaita mmoja mmoja kwa mdomo siwezi. Papa hakualika mtu. Ukimwambia mtu njoo ule, umemwambia najua huna.

Lakini pia siwezi kuiacha sufuria ikae peke yake tena. Mwezi unaisha wiki ijayo na ufunguo wa stoo ni wa kurudisha.

Majani nimempa mbuzi wa jirani.

Jumapili, 24 Agosti

Nimechoka, lakini nitaandika.

Nilichemsha kabla ya mapambazuko. Nikaizika sufuria. Halafu tenga zima, na blanketi la harusi, nikalifunga nyuma ya baiskeli niliyoazima gereji, nikalisukuma mlimani mpaka kanisani. Maman Aline alitembea nyuma akiwa ameshika tenga kwa mkono mmoja na sahani kichwani. Hakusema tunaonekana wajinga. Tulionekana wajinga.

Tukaliweka chini ya ukuta wa kanisa, kivulini. Watu walidhani ni nyanya. Tukaingia tukasali. Mahubiri yalikuwa marefu na kwa mara ya kwanza sikujali.

Walipotoka walisimama mlangoni kama siku zote, na wote wakatazama chini, nyumbani kwangu. Niliwaona wakitazama. Niliwaona wakiangalia pembeni upesi wasikutane na macho yangu. Mzee Gaspard akashika fimbo yake aelekee njia ya juu.

Nikatoa blanketi. Nikafukua majani. Nikafunua sufuria ya Papa.

Mvuke ukapanda mpaka kwenye uso wangu, harufu ya mawese na kitunguu na sambaza. Mzee Gaspard alirudi. Akaiinamia sufuria, akazunguka tenga, akatazama chini yake, akapapasa majani kwa ncha ya fimbo.

"Na moto iko wapi?" akauliza.

"Ilibaki nyumbani, Mzee. Asubuhi."

Akachovya kidole. Akakitoa mbio, akakipuliza. Kisha akakaa chini pale pale kwenye majani, na suti yake ya ibada, akanyoosha mkono apewe sahani.

Wakala wote. Sahani hazikutosha, wakapokezana. Maman Furaha aliniangalia kutoka ng'ambo ya tenga na hakusema kitu kuhusu viazi, nami sikusema. Tulielewana.

Kuni kwenye pembe: zimelala. Najivuna. Leo nitajivuna mpaka nipate usingizi.

Jumamosi, 30 Agosti

Umuganda leo, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tumefyeka mfereji wa barabara. Baada ya kazi wanawake hawakwenda nyumbani, walikuja uani kwetu na matenga yao, wengine na makarai, mmoja na katoni ya sabuni. Maman Aline ndiye aliyefundisha. Jinsi ya kushindilia majani, jinsi ya kufunika. Alisema maharage lazima yalowekwe usiku, akaongeza kwamba kuna mtu anamjua alisahau. Wote wakanigeukia. Sawa.

Maman Furaha hana blanketi la ziada. Amejaza magunia mawili kwa majani, akashona. Tenga lake linatunza joto kuliko letu. Nimelipima kwa mkono na imeniuma kidogo.

Wageni walipokwenda nilimrudishia Maman Aline ufunguo wa stoo. Aliugeuza mkononi.

"Ubaki nayo," akasema. Akaenda kupanga nyanya zake kwenye beseni, kwa sababu tenga hana tena.

Jumapili, 31 Agosti

Asubuhi nimezika sufuria nikaiacha nyumbani.

Baada ya ibada nilisimama mlangoni mwa kanisa, mahali wanaposimama wao. Sijawahi kutazama kwetu kutoka pale nikiwa na nia ya kutazama. Bati letu lina kutu upande mmoja. Moshi hakuna. Kwa Maman Furaha, hakuna. Nyumba ya tatu, ile yenye mpapai, hakuna. Hewa ilikuwa safi mpaka kwenye mashamba ya mpunga.

Mzee Gaspard alishika fimbo yake akaanza kuteremka, njia ya chini inayopita mlangoni kwangu. Wengine wakamfuata.

Nikateremka nyuma yao. Nilikuwa na njaa.