Vidonge vya Kwenye Kiatu

Mama watoto,

Nguo bado mbichi, zianue mvua ikianza. Nimeenda kliniki.

Vile vidonge vya homoni ulivyovikuta asubuhi kwenye kiatu changu ~~ni vya zamani~~ ni vya wiki mbili hizi. Niliacha kuvimeza. Vinanitoa jasho nimekaa tu, na kwenye foleni ya saratani ya matiti nesi huita, "Kina mama, sogeeni," nami nasogea.

Hukunigombeza. Ulinipigia shati pasi. Bora ungenigombeza.

Nitamwuliza daktari hili joto litaisha lini, na wiki mbili hizi zimeniharibia kiasi gani. Swali la tatu lilikuwa kama mwanamume anaruhusiwa kuingia na mkewe. Hilo sitauliza. Zamu yangu ni saa tano. Njoo.

Baba watoto